Koti Jeupe la Migahawa Sita

Mwangaluka, kina mama. Na ninyi kina baba watatu mliojibanza huko nyuma karibu na mlango kama mmekuja kukamatwa, mwangaluka pia.

Namshukuru Mungu aliyenifikisha hapa Ngokolo salama, na ninyi wauza chakula wa Shinyanga mlioniita kutoka Geita nije niseme yaliyonipata. Mama mwenyekiti amenikaribisha maji tangu nilipokaa. Ile pale mezani ndoo, na kikombe juu yake. Sijanywa. Nitawaambia kwa nini, ila si sasa.

Mimi ni Mama Kulwa. Nina mgahawa Kalangalala, kwenye njia ya watu wanaotoka kwenye makarasha, yale ya kusagia mawe ya dhahabu. Majina ya wengine sitayataja. Msidhani ni heshima, wengine siwaheshimu hata kidogo. Ila nikianza kutaja itabidi nianze na aliyekosa kuliko wote, na jina lake nimeshawaambia.

Mama yangu alipikia wachimba almasi kule Maganzo, kando ya lami, masufuria matatu na mwamvuli. Sidhani kama aliwahi kuona bwana afya maisha yake yote. Lakini kila jioni alichemsha maji ya kunywa, akayafunika, yakalala yanapoa. Nimekua nikiyaona maji hayo. Nilipohamia Geita na kufungua mgahawa wenye meza sita na feni, nikaona mambo ya kuchemsha maji ni ushamba wa Maganzo. Mkaa wangu nichemshie watu maji ya bure? Nikanunua mtungi mkubwa wa udongo, nikaujaza maji ya bomba siku yalipotoka, na ya kisima siku yasipotoka, nikaweka kikombe kimoja juu yake. Wateja wakasifu ubaridi. Nikavimba kichwa.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunakaguliwa. Mcheke tu, maana hata mimi nikikumbuka nacheka, halafu najidharau.

Tulikuwa migahawa sita kwenye mstari mmoja, nyuma yetu uzio wa mabati. Kanuni mnaijua, anayeshika chakula avae koti safi na kofia, na mlangoni pawe na ndoo ya koki na sabuni ya kunawia. Sisi sita, watu wazima, wengine wajukuu wanao, tukachanga tukanunua koti moja. Moja! Kofia moja. Ndoo ya koki moja. Mgahawa wa kwanza ukimwona bwana afya anakuja, mwenyewe anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko mara mbili, na mstari mzima unajua. Yeye anakaguliwa akiwa amevaa koti. Bwana afya akiaga, koti linavuliwa, linapitishwa kwenye tundu la mabati kule nyuma, na wa pili analivaa kabla mkaguzi hajamaliza kuzunguka mbele. Ndoo nayo inafuata mbiombio, inafika kwa wa tatu imebaki nusu kwa kumwagika njiani.

Wa pili ni mwembamba, koti linampwaya kama kanzu. Mimi nilikuwa wa nne, na mwili wangu mnauona, vifungo havikutani. Kwa hiyo kila ukaguzi nilisema, "Samahani bwana afya, nimetoka kujifungua." Miaka mitatu, ndugu zangu, miaka mitatu nilikuwa nimetoka kujifungua!

Na yule bwana afya naye, Mungu amsamehe, mimi bado. Alikaa meza ya mbele chini ya feni, akaagiza supu. "Usafi vipi, Mama Kulwa?" Nasema mzuri. Anaandika mzuri. Jikoni hakutia mguu. Vyeti vya kupima afya, vile tunavyotakiwa kupima upya kila miezi sita, vilikuwa ukutani, na kimoja kilikuwa cha mwanamke aliyekwisha kuhamia Kahama. Aliyechukua nafasi yake nilimfundisha kuitika kwa jina la mwenzake siku ya ukaguzi. Hilo nalo sikuona ni uongo, niliona ni akili. Mkaguzi alikagua supu tu, akaipitisha, akaenda zake akipangusa midomo.

Mtu anayekaguliwa hivyo anaanza kuamini kweli ni msafi. Ndivyo nilivyokuwa. Nilipita kwa wenzangu nikanusa, nikasema moyoni, hawa ni wachafu, mimi afadhali.

Yule akahamishwa. Akaja binti mmoja mwembamba, raba miguuni, daftari kwapani, hana hata mkoba wa maana. Tulipomwona tukacheka. Huyu ndiye bibi afya? Huyu atakagua nini, si atapotea kati ya masufuria? Mfuniko ukagongwa mara mbili, koti likaanza safari yake.

Yeye alianza na choo. Hakuomba kiti, hakuuliza kuna supu gani. Kila mgahawa, "Shikamoo mama, naomba unionyeshe choo." Tukafurahi, maana alichelewa kila mahali na koti likapata nafasi ya kusafiri bila haraka. Kwangu lilifika mapema mpaka nikapata muda wa kujitazama kwenye kioo cha kabati la maandazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Utaniwia radhi kwa hivi vifungo, nimetoka kujifungua."

"Hongera sana. Mtoto ana miezi mingapi?"

Na wakati huo huo Kulwa na Doto wanaingia na sare za shule, darasa la nne, wanauliza chakula. Nikasema mtoto amelala. Bibi afya akatabasamu, akasogea kama anayetaka kunitengeneza kola, akaigeuza. Ndani ya kola palikuwa na alama ya kalamu. Alikuwa ameichora mwenyewe kwenye mgahawa wa kwanza, na sisi tulivyo werevu hatukuona.

"Mama," akasema, taratibu, kwa adabu zote, "hili koti leo nimeshalikagua mara tatu. Ni safi. Sasa nionyeshe la kwako."

Kule nyuma ya mabati nikamsikia mwenzangu wa tano anasubiri, anahema.

Basi akaingia jikoni. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoujua ukaguzi. Aliomba kuona kucha za kila mtu, na kucha zangu mimi zilikuwa na unga wa asubuhi. Akauliza gogo la kukatia nyama linaoshwa na nini, nikajibu maji, akapitisha kisu kwenye nyufa zake akanionyesha kilichotoka. Sitawaambia, mtakula mchana. Akafunua mchuzi wa jana. Akauliza ndoo ya taka ina mfuniko, na mfuniko ndio tulikuwa tumefunikia wali. Kisha akasimama mbele ya mtungi.

"Maji haya yamechemshwa?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Jana."

"Kwa sufuria ipi?"

Nikageuka kutazama masufuria yangu. Lile lina maharage, lile lina wali, lile la supu, lile la sato. Yote nayajua kazi zake, na hakuna hata moja lililowahi kuchemsha maji ya kunywa.

Akaandika notisi, akanisomea neno kwa neno. Choo, gogo, vyeti, makoti, kichanja cha vyombo, hayo yote akanipa siku kumi na nne, kisha atarudi. "Lakini mtungi huu ni leo," akasema. "Umwage leo. Kikombe kimoja, kila mkono unaingia humu ndani. Usingoje hizo siku."

Akaniachia nakala. Mnajua nilifanya nini? Meza moja ilikuwa inachezacheza. Niliikunja ile notisi mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza, ikatulia. Nikawaambia wenzangu, "Huyu anataka na yeye apewe supu, bado hajajua namna ya kuomba." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtungi sikuumwaga. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baada ya siku chache mama yangu akaja kunitembelea kutoka Maganzo. Alishuka kwenye basi jua la saa nane, vumbi mpaka kwenye kope. Ninyi Wasukuma wenzangu mnajua mama mzazi anavyopokewa. Nilikimbia kwenye mtungi, nikachota kikombe kikajaa pomoni, nikapiga magoti mbele ya wateja wote, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa. Akaomba kingine. "Wabeja, ng'wanone," akanishukuru, "maji ya mwanangu matamu." Hakuuliza kama yamechemshwa. Angeulizaje? Si ndiye aliyenilea?

Nimempa mama yangu uchafu nikiwa nimepiga magoti. Hilo neno nimelirudia mara nyingi nikiwa peke yangu, na leo nimelisema mbele zenu.

Kesho yake alishinda nami mgahawani, akachambua mchele na kutazama kila kitu kwa macho yake ya zamani. Keshokutwa asubuhi hakuweza kusimama. Kuharisha na kutapika, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Bajaji, hospitali, dripu. Nesi alinifokea mbele ya watu kwa kuchelewa, nami nikaona ananionea.

Kwenye vitanda viwili vya pembeni walilala vijana wa makarasha, vumbi la mawe bado liko kwenye nywele zao. Wateja wangu wote wawili. Nikajifanya sijawaona.

Karibu na mchana akaingia bibi afya, raba zile zile, daftari lile lile. Kumbe wagonjwa wa tumbo wakizidi, hospitali inawaambia, naye anakuja kufuata nyayo za ugonjwa. Akaenda kitanda kwa kitanda. "Jana ulikula wapi? Juzi ulikunywa nini?" Vijana wakasema wamekula kote tu, hawakumbuki. Kisha akamfikia mama.

"Shikamoo bibi. Ulikula na kunywa wapi tangu ufike?"

Mama yangu ni mzee wa kanisa. Mtu ambaye hakuwahi kunidanganya hata nilipokuwa mdogo, akiniambia sindano inauma maana kweli inauma. Akanitazama. Siku nzima alikuwa ameshinda kwenye mgahawa wangu na hakuona sufuria ya maji. Alijua. Akamgeukia bibi afya, akasema kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, "Mimi nilikula njiani, mwanangu. Mahindi ya kuchoma, kwenye basi." Akafumba macho.

Nikaiona kalamu inaandika mahindi.

Mnadhani nilisema? Wapi! Nawaambia ukweli wangu wote, nilishukuru. Mgahawa ule ndio ulikuwa shule ya Kulwa na Doto, ndio kodi, ndio kila kitu, na mama alikuwa ameuokoa akiwa na sindano ya dripu mkononi. Nikawaza, atakwenda stendi atafute mwanamke wa mahindi, amsumbue kidogo, yataisha. Huyo ndiye mimi niliyekuwa nawanusa wenzangu nikasema wachafu. Nilikuwa tayari kumwacha mwanamke nisiyemjua, mwenye jiko lake la kuchomea mahindi, abebe ugonjwa wangu.

Hapo hapo kijana wa kitanda cha pili akafumbua macho, akanitambua. Midomo imepasuka kwa kiu. "Mama Kulwa," akasema, "ukirudi mgahawani, niletee maji ya mtungi wako. Yale ya baridi."

Hakunilaumu. Aliniomba mengine.

Saa ile mgahawa ulikuwa wazi, chakula cha mchana kimepamba moto, wasaidizi wangu wanahudumia. Mtungi umejaa, kikombe kiko juu yake. Niliwaona watu wanachota, mmoja baada ya mwingine, kama nimesimama pale. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama.

"Futa mahindi," nikamwambia bibi afya. "Andika mtungi. Mtungi ule ulioniambia niumwage. Wote hawa wamekunywa kwangu."

Mama akafumbua macho akasema, "Ng'wanone..." Nikamwambia, "Mayu, nyamaza, unaumwa."

Nilingoja anitukane, yule binti. Nilitamani anitukane. Akafunga daftari akasema, "Twende mama, watu bado wanakunywa."

Tulipofika, akachukua maji kwenye chupa ya kupelekwa kupimwa, kisha mtungi ukamwagwa mbele ya wateja. Akauliza nakala ya notisi iko wapi. Ndugu zangu, niliinama mbele ya watu wote, nikanyanyua meza, nikaitoa chini ya mguu. Hakuna aliyecheka. Akabandika karatasi ya kufungiwa mlangoni, na mimi nikasimama nje ya mgahawa wangu kama mpita njia.

Wenzangu wa mstari walikuja jioni. Mlidhani wanakuja kunipa pole? "Umejichongea," mmoja akaniambia. "Mama yako mwenyewe amekusitiri, wewe unajianika. Si ungeacha tu yawe mahindi?" Mwingine akasema nimewauza, sasa bibi afya atawarudia na wao. Na aliyesema hivyo, msinicheke, alikuwa amevaa lile koti.

Niliwadharau siku ile, na bado nawadharau kidogo, Mungu anajua. Lakini kila nikiwadharau naisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya sauti zao.

Kujirekebisha kulichukua muda kuliko siku kumi na nne. Fundi mmoja mzee akanichimbia shimo la maji machafu, na kila siku ananisema, eti jiko lako linatoa maji kama mwalo wa kuoshea dhahabu halafu hayana pa kwenda. Tukapima afya upya, mimi na wasaidizi wangu, kila mmoja kwa jina lake halali. Yule aliyekuwa anaitikia jina la mwanamke wa Kahama alilia alipoona jina lake kwenye cheti, na mimi nikaona haya. Gogo nililichoma moto. Nikashona makoti matatu, langu likakutana vifungo.

Nikaomba nikaguliwe upya. Bibi afya akaja, akaanza na choo kama kawaida yake. Choo kizuri, kucha safi, vyeti sawa, chakula kimefunikwa. Tayari nilikuwa nimeanza kutabasamu. Akachukua kitambaa begani kwangu. "Hiki kinafuta nini?" Nikasema meza. "Na kisu?" Nikasema na kisu. "Na jasho?" Nikapangusa paji la uso kwa kiganja. Akaandika bado. Niliporudi ndani nililia kwa hasira, nikamwita majina ambayo siwezi kuyasema kwenye ukumbi huu wa kanisa. Kisha nikakata shuka, nikapata vitambaa vingi, kila kimoja na kazi yake. Mara ya pili akaandika safi. Hakuonja hata mchuzi.

Niwashukuru sasa, bila majina. Bibi afya yule, aliyenisalimia shikamoo hata siku ya kunifungia. Fundi wangu wa shimo na domo lake. Nesi aliyenifokea, maana alikuwa na haki ya kunifokea. Vijana wangu wawili wa makarasha walipona, wakarudi, na mmoja hula kwangu mpaka leo ila soda anakuja nayo. Simlaumu. Na mama yangu, aliyekuwa radhi kuichafua roho yake kwa ajili ya mgahawa wangu mchafu. Mimi niliyekuwa nimeshatosheka na uongo huo, ni kiu ya mgonjwa iliyoniokoa.

Siku niliyofungua tena, mama alikuwa mgeni wa kwanza. Mgahawa umejaa. Nikapiga magoti, nikampa maji kwa mikono miwili. Akakishika kikombe, hakunywa. Akauliza kwa sauti ya Maganzo, ile ya kushindana na malori, "Umechemsha?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Nimechemsha, mayu."

"Kwa sufuria ipi?"

Nikamwonyesha, lile jipya lenye mfuniko wa bluu. Akalitazama, akanitazama, ndipo akanywa. Na mpaka leo kila akija anauliza. Aliyewahi kunisitiri mbele ya mkaguzi, sasa ananikagua mbele ya wateja, na sijawahi kupendwa na mama yangu kuliko hivyo.

Somo langu ni fupi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tuliyaficha kwa koti. Mkaguzi anakuja mara chache kwa mwaka, akishapita anakwenda zake, na tumbo la mteja linabaki na wewe. Anayeandika bado anakujali. Yule wa supu, ambaye wengi wenu hapa mnaye na mnampenda, hajali kama mama yako ataamka.

Sasa, mama mwenyekiti, turudi kwenye ndoo yako. Nimekaa mbele yake tangu nifike. Nimewaona watu kumi na zaidi wanakuja kuchota, kikombe hicho hicho, na vidole vinaingia. Wauza chakula wote hawa, na makoti meupe mmevaa, mazuri kabisa. Mimi ni mgeni, sina daftari wala cheo. Nauliza tu kama nilivyoulizwa. Maji haya yamechemshwa kwa sufuria ipi?

Mbona mnatazamana?

Basi mmoja wenu awashe jiko, nitasubiri. Wabeja sana. Koo limenikauka, na nina kiu kweli.